Uko Namba Ngapi?

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikarudi darasani nikiwa mjane. Kilikuwa chuo cha ufundi hapa Kakamega mjini, na niliingia kujifunza ushonaji pamoja na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Mume wangu alikuwa amezikwa kabla tu ya msimu wa kupanda. Sikuwa nalia mbele ya watu. Nilikanyaga cherehani, nikakata, nikapiga pasi, na wakati wa chai nilikaa peke yangu. Nadhani ndiyo sababu nikaletewa kochi.

Makochi walikuwa wanafunzi wenzetu, waliofundishwa na ofisi ya ushauri ya chuo kuangalia afya ya wenzao. Hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kukaa nawe mara moja kwa wiki, kukuuliza kama unalala, kama unakula, umezungumza na nani, kisha mnakubaliana jambo moja dogo la kufanya kabla ya kuonana tena. Walivaa fulana za kijani. Vijana wa umeme wakiwaona walipiga kelele, "Kochi, timu yako imeshuka daraja!"

Wangu alikuwa msichana wa kozi ya afya ya jamii, mwembamba, mwenye sauti ndogo.

"Mulembe, mama," akanisalimu. "Nimeambiwa wewe ni wangu."

"Wako wa nini?"

"Wa kutembea na wewe."

"Tunaenda wapi?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Tulikaa kwenye benchi chini ya mabati, nje ya karakana ya ushonaji. Mawingu ya saa nane yalikuwa yamejaa kama kawaida ya hapa, na alipoanza kunieleza jinsi ya kujipima hali ya moyo, mvua ya mawe ikashuka. Niliona midomo yake ikienda. Nilichosikia ni "kutoka moja mpaka kumi." Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuona haja ya kuelezwa zaidi. Shuleni kwetu tulisomewa namba mbele ya wazazi siku ya kufunga. Namba moja alipigiwa makofi, wa mwisho akajificha nyuma ya mama yake. Mtoto akifika nyumbani aliulizwa swali moja tu: umekuwa namba ngapi? Kwa hivyo msichana yule aliponiuliza, mimi mwanamke mzima, uko namba ngapi wiki hii, nilijipanga mstarini na watu kumi walio hai, nikajiona kule nyuma.

"Nane," nikasema.

"Nane!" Uso ukamng'aa. "Mama, uko na nguvu wewe."

Nilifikiri ndivyo walivyofundishwa, kumsifu anayesema ukweli.

Katikati ya muhula, kijana mmoja wa ufundi bomba alikufa. Alijiua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kule Shianda, kwao, mhubiri alisema ameugua kwa muda mfupi na sote tukaitikia amina. Tulikaa kwenye viti vya kukodi, miwa pande zote, mirefu kuliko vichwa vyetu, hata upepo ukakosa pa kupita. Chuo kizima kilijua kochi wake alikuwa nani. Alikuwa wangu. Alikaa upande wa jikoni na fulana yake ya kijani, akimenya viazi, na mama mmoja wa kwao akauliza bila hata kunong'ona, "Huyu ndiye alikuwa anamuangalia? Alikuwa anaangalia nini?"

Msichana aliendelea kumenya.

Tangu siku ile niliogopa kwamba atamfuata yule kijana. Nimezika, najua uso wa mtu aliyeachwa, na huo wake haukuwa wa kuachwa tu. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza kitu kinachomwita kutoka chumba kingine. Kila Alhamisi alikuja, hakukosa, na kila Alhamisi nilimtazama zaidi ya alivyonitazama. Sketi yake nilimpunguzia kiunoni, na baada ya muda nikaipunguza tena.

"Unakulanga kweli?"

"Nakulanga, mama. Leo tunaongea juu yako."

Basi tukaongea juu yangu. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu. Nilikuwa napika tena badala ya kunywa chai ya rangi na kulala. Nikamwambia tano. Nikamwambia nne. Nilipomwambia tatu, alikuja mpaka nyumbani kwangu na mkungu mdogo wa ndizi na paketi ya maziwa, akanitazama nikila kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Niliona amekuja tusherehekee.

"Mama, twende pamoja kwa mshauri."

"Mtu wa namba tatu anatafuta nini kwa mshauri?" nikamwambia, nikicheka.

Hakucheka. Aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake.

Alhamisi iliyofuata nilimtangulia. "Na wewe je? Kila siku mimi tu. Wewe uko namba ngapi?"

"Makochi hatuulizwangi."

"Mimi nimekuuliza."

Ng'ambo ya ua vijana walikuwa wakirushiana chupa ya maji, wakitukanana kwa furaha.

"Mbili," akasema.

Moyo wangu ukatua. Hofu yote niliyokuja nayo kutoka Shianda niliiweka chini pale pale.

"Hongera, mama!" nikamwambia, kama tunavyowaita mabinti zetu. "Umenishinda. Jikaze kidogo tu, uishike namba moja."

Alinitazama kwa makini, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi niliyesema. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeomba ruhusa akapewa.

"Haya, mama. Nitaishika."

Asubuhi yake msichana mmoja wa darasa letu, mwenye mdomo kuliko wote, aliingia karakanani macho yamevimba. Mpenzi wake alikuwa amemwacha kwa ujumbe wa simu.

"Mtu asiniguse leo," akasema. "Niko namba moja."

"Namba moja na unalia?" nikamuuliza.

"Mathe! Moja ndio chini kabisa. Kumi ndio fiti. Kwani kochi wako anakufundishanga nini?"

"Mathe alikuwa anasoma jedwali la ligi!" mwingine akadakia, na karakana nzima ikacheka.

Niliwasikia kwa mbali, kama watu walio ng'ambo ya mto. Nilikuwa nageuza namba. Nane yangu. Tatu yangu. Mbili yake. Nitaishika.

Niliacha kitambaa chini ya sindano. Nikamwambia yule mwenye mdomo akimbie ofisi ya ushauri, amwambie mshauri aje kwa kochi wangu sasa hivi, asingoje chai. Akaona uso wangu, akakimbia bila kuuliza. Mimi nikasimamisha boda boda.

"Kuna mgonjwa, mama?" mwendeshaji akauliza.

"Endesha tu."

Alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, katika ploti ya milango mingi inayotazamana. Mbele ya mlango wake sufuria, sahani na vikombe vilikuwa vimeoshwa na kufudikizwa juu ya gunia. Jirani yake, mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa akivigeuza kimoja kimoja.

"Ameniambia nichukue chenye napenda," akasema. "Eti anasafiri."

"Ameondoka?"

"Bado. Yuko ndani."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nilibisha. Sisi tukifika penye msiba hatubishi hodi. Tunaanza kulia tangu njiani, wenye nyumba wajue tumekuja. Kilio kilikuwa kimeshanifika kooni na nikakimeza, maana kama ningekitoa pale mlangoni ningekuwa nimemzika.

"Mama, ni mimi. Nilikosea. Nilidhani mbili ni juu."

Kimya.

"Mimi namba ninazojua ni za shule. Namba moja ndiye wa kwanza. Jana nilikupongeza kwa kitu nisichokijua. Sitaki ufike hiyo moja. Unanisikia?"

Kitanda kikalia. Sauti ikatoka karibu na mlango, ndogo kuliko nilivyoizoea.

"Kwa hivyo nane yako..."

"Ilikuwa mbaya. Nilikuwa mkiani kabisa."

"Na tatu?"

"Tatu nilikuwa nimeanza kula. Zile ndizi zako nilizimaliza zote."

Nikasikia kitu kati ya kikohozi na kicheko. "Nilijua nakupoteza na wewe pia," akasema.

Komeo likavutwa. Alisimama miguu mitupu, amevaa nguo zake za kanisani. Hakunikumbatia. Aliniuliza, "Yule wa Shianda aliniambia saba. Wiki ile. Nikafurahi, nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Saba yake ilikuwa ipi?"

Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mtamu. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli tangu nifiwe, na nisingeweza kumlipa hivyo.

"Sijui, mama. Alijua mwenyewe tu."

Akaniangukia, nikamdaka. Jirani akaja na mtoto wake, akaketi kizingitini bila kuitwa. Mshauri alipofika, viatu vimejaa matope, alichuchumaa mbele ya msichana akamuuliza waziwazi kama alitaka kujiua. Sikujua kwamba neno lile linaweza kutamkwa hivyo, mchana kweupe, kwa sauti ya kawaida. Msichana akasema ndiyo. Mshauri akasema tunaenda naye hospitali, sote, sasa.

Yuko hai ninapoandika haya. Nikisema amepona nitakuwa nimedanganya. Zipo wiki anapokaa nami kwenye benchi asiseme neno, nami sithubutu kuondoka kwanza.

Siku ile tulichelewa kidogo kutoka, kwa sababu alitafuta viatu akakumbuka amevigawa. Jirani akajitazama miguuni. Akavivua, akavipangusa vumbi kwa pembe ya leso, akapiga magoti na mtoto mgongoni, akamvalisha mwenye viatu.