Moshi wa Umuganda

Jumamosi iliyopita, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tuliketi kwenye nyasi hapa Kamembe kumsikiliza afisa wa usafi wa sekta. Tulikuwa tumefyeka kando ya mtaro mzima, na magugu yalikuwa yanaungua nyuma ya afisa. Nilikaa mbele makusudi. Kitinda mimba wangu hukohoa kila jioni jirani yetu, mzee fundi cherehani, anapochoma takataka, na nilitaka mzee asikie katazo kwa masikio yake.

"Kuanzia leo, kuchoma takataka ni marufuku," alisema afisa, akipangusa macho kwa kofia. Upepo ulikuwa umegeuka, hata hatukumwona vizuri.

Yule mzee akanyoosha mkono polepole, kama mwanafunzi.

"Papa Chef, mkubwa wetu, na huu moshi wa hapa ni wa nani?"

Afisa alikohoa, akageuka, akautazama moto kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Huu ni wa umuganda, Mzee."

"Aa. Basi na miye nitaleta takataka zangu hapa. Batoto ba jirani bapumue."

Watu walicheka, afisa pia, na hakuna aliyenyanyuka kuuzima.

Mzee ameshika neno lake. Magunia yake ya takataka yameegemea ukuta wake, yanangoja mwisho wa mwezi, na mtoto wangu amelala vizuri wiki nzima. Ila siku hiyo ikifika, nitaanua nguo zote kwanza, ndipo niende kufundishwa usafi.