Ngano ya Arobaini na Dodoso

Karani wa dodoso alifika kijijini kwetu, katika kisiwa cha Evia huko Ugiriki, miezi miwili baada ya moto kuteketeza misonobari, na katika kila nyumba alifanya yale yale. Alifuta kiti kwa leso, akachonga penseli ambayo bado ilikuwa kali, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya meli: "Siku saba zilizopita, umekohoa kidogo, wastani au sana?" Mwenyewe alikuwa na kikohozi, lakini alikibana mpaka amalize swali.

Kwa dada yangu Stamatia alifika siku ya arobaini ya shemeji, mgema wa utomvu wa misonobari, aliyeuawa na moshi wa moto ule wiki tatu baadaye. Akakaribishwa ngano ya kuchemsha yenye komamanga, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, akala, akasema "Mungu amrehemu" kama sisi sote, akafungua orodha. "Namtaka bwana Anargiros. Jina lake ndilo lililochaguliwa."

"Hiyo ngano unayokula ni yake, mwanangu," dada akamjibu.

Penseli ikasimama. Akageuza karatasi mbele na nyuma. "Hapa pana yupo, amesafiri, amekataa. Hakuna pengine pa kumweka, mama."

"Basi andika amekataa. Hata polisi walipomwambia ahame, alikataa."

Akatia alama, akapuliza vumbi la penseli, akashukuru kwa ushirikiano. Kabla ya Krismasi majibu yalibandikwa mlangoni mwa mkahawa: waliohojiwa kijijini kwetu wanaendelea vizuri, na mmoja tu ndiye aliyekataa kujibu.