Tabia, anayewarudishia watu maneno yao

Saa mbili asubuhi, Tabia Ausi (36) ameketi nyuma ya duka la vifaa vya shule mjini Bagamoyo, kikombe cha chai ya tangawizi mkono mmoja, kipanya mkono wa pili. Anasoma kimyakimya, kisha anasonya.

"Huyu kamnukuu mwenzake halafu hakufunga. Sasa hapa nani kasema nini?"

Anabofya, anaweka alama iliyosahaulika, na maneno yanarudi kwa wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake. Tabia ni msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la wakulima wa mananasi lenye wanachama 6,200. Kwa siku hurekebisha nukuu zisizopungua arobaini. Analipwa Sh220,000 kwa mwezi, na wapo ndugu zake wanaodhani anashinda akichezea kompyuta.

Wanaomcheka hawajui. Jukwaani, ukitaka kumjibu mtu unanakili maneno yake, unaweka alama ya kufungua mwanzoni na ya kufunga mwishoni, nayo yanakaa kwenye kisanduku cha kijivu chenye jina lake. Ukisahau ile ya mwisho, jibu lako nalo linaingia kisandukuni, na jina linabaki la mwenzako.

"Sisi watu wa Pwani tukisema la mtu tunatanguliza 'eti'. Eti miche imeoza. Kila mtu anajua hayo si yangu," anasema Tabia. "Basi zile alama ndiyo 'eti' yetu ya jukwaani."

Machi mwaka jana alama moja ilitaka kumwangusha mtu. Eufrazia Tobia (58), mjane wa Ubena anayesomesha wajukuu watatu kwa kuuza miche, aliandika: "Miche ya nanasi ipo tayari, karibuni Ubena." Yunus Shuaibu, kijana wa Lugoba, akamnukuu na kujibu kwa utani: "Yangu imeoza, ila msimwambie mtu." Hakufunga nukuu.

Ikasomeka kwamba Eufrazia amekiri, ulimi umemteleza. Picha ya kisanduku kile ikazunguka kwenye makundi ya simu. Wateja tisa wakaghairi siku hiyohiyo, na wanachama wakaanza kupiga kura afukuzwe jukwaani.

"Nililia, nisikudanganye," anasema Eufrazia. "Nikampigia Tabia, nikamwambia, mwanangu, neno hilo mimi sikuliandika."

Zilikuwa zimebaki saa nne kura ifungwe. Tabia hakubishana na mtu. Alifungua ujumbe kama ulivyochapwa, akakuta alama ya kufungua, ya kufunga hakuna. Akampigia Yunus.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yunus, miche iliyooza ni ya nani?"

"Yangu mimi. Kwani vipi?"

Alipoelezwa, akasema: "Astaghfirullah. Nimemponza mama wa watu."

Kabla ya kura kufungwa, Tabia alibandika ujumbe ule mara mbili, ulivyokosewa na ulivyotakiwa kuwa. Chini yake Yunus aliandika kwa jina lake kamili kwamba miche mibovu ni yake. Waliopiga kura wakaanza kuomba radhi, mmoja baada ya mwingine, na wale wateja tisa wakarudi na wenzao. Ndani ya wiki mbili miche yote 14,000 ya Eufrazia iliisha shambani.

Tabia haoni haya kujisifu, na ana haki. "Nilishinda, nisikufiche. Siku ile niliinuka kwenye kiti hiki nikacheza peke yangu."

Sasa anataka kufikia mwakani kila muuza miche kati ya Ubena na Lugoba ajue kufunga nukuu mwenyewe. Darasa la kwanza ni Jumamosi hii, shambani kwa Eufrazia, na watu 27 wamejiandikisha. Mwalimu aliyemchagua ni Yunus, ambaye kwa aibu alikataa mara mbili.

Aliyemshawishi ni Eufrazia, aliyempigia simu mwenyewe: "Njoo, mwanangu. Wewe ndiye unayejua kuliko sote ukisahau kufunga inakuwaje."