Tikiti Lenye Dirisha

Juzi, mwenzangu, niliingia supamaketi moja huko Nyali kutafuta mafuta ya kupikia, nikapita upande wa matunda. Kijana wa dukani akanijia na nusu ya tikiti maji iliyofungwa kwa plastiki, nyekundu hiyo, yang'ara. "Hili halina wasiwasi, mama. Ndani penyewe umeshapaona." Nikamwambia alirudishe. Akaniona nina kiburi, na labda ninacho. Lakini tikiti lililokatwa na mkono nisioujua haliingii nyumbani kwangu, na wanangu wamechoka kuniuliza sababu. Nikatoka hata hayo mafuta sikununua. Haya, leo nitasema, nawe usiniharakishe.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana, mmoja sharti ageuke ubavu. Baba alikuwa karani Kilindini, akitoka alfajiri na kurudi magharibi. Mama alikuwa Uarabuni kikazi, tukimjua zaidi kwa barua na vitambaa. Aliyetulea, mimi na mdogo wangu wa kike, ni nyanya. Mwanamke mfupi, mkali, mwenye bui-bui lililochakaa na sauti ya kusikika hadi baharini.

Na nyanya alikuwa na kipaji kimoja kilichojulikana mtaa mzima: kuchagua tikiti. Akinichukua Marikiti, wauzaji wakimwona yuwaja walianza kuguna. Hakuwa na haraka. Kwanza aliangalia kikonyo, kama kimekauka. Kisha alilipindua atazame tumbo, pale lilipolalia shambani, pawe na manjano ya siagi. Kisha alilipakata na kulipima uzito. Halafu ndipo alipoliinamia, sikio karibu, akalipiga konzi. "Bichi hulia ti ti ti," alinifunza. "Lililoiva hulia du. Lililooza halikujibu kitu. Tikiti halichaguliwi kwa mato, mwanangu, huchaguliwa kwa sikio."

Wengine wasiojua kusikiliza walikuwa na njia yao. Muuzaji alichukua kisu akalitoboa tikiti pembe tatu, akachomoa kipande kwa ncha, mnunuzi akaonja na kuona rangi. Tundu hilo wakiliita dirisha. Nyanya hakutaka hata kusikia. Tikiti lenye dirisha haliingii nyumba hii, alisema, na hakuwahi kutueleza kwa nini. Nami kwa akili zangu za kitoto nilidhani ni majivuno tu, kwamba fundi haonjeshwi.

Nilikuwa na sababu ya kulifikiria sana dirisha hilo. Miezi michache nyuma nyanya alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza, nikapiga konzi, nikasikiliza, nikarudi na tikiti kifua mbele. Lilipokatwa lilikuwa jeupe pe. Baba akacheka mpaka akakohoa: "Leo twala mung'unye!" Jirani wa mlango wa pili akalisikia neno hilo, basi nikawa Bi Mung'unye, kichochoro kizima, asubuhi na jioni. Unacheka? Wewe hukuitwa hivyo na watoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Nililia, wallahi, na nikaapa sitarudia kuaibika.

Ndipo ukaja mwaka ule wa mvua kubwa, katika hiyo miaka ya tisini. Mvua haikujua msimu. Ilinyesha ikapitiliza, hadi Ramadhani ikatukuta kuta zimeota ukungu na nguo hazikauki. Makaro yalifurika, maji meusi yakatambaa kichochoroni, na nzi, ewe Mola, nzi walikuwa wengi hata mchana ukawa una mvumo. Wakaja watu wa baraza la mji wakamwaga chokaa nyeupe pembezoni mwa milango. Redio ikasema watu wachemshe maji. Kisha tukaanza kusikia: mtaa fulani amekufa mtu, alikuwa mzima jana. Mtaa fulani wamekufa wawili. Nyanya alizima redio akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Akaanza kutuosha mikono yeye mwenyewe, kwa sabuni ya kufulia, mpaka vidole vikatuwasha.

Mifereji ya maji ya bomba ilikuwa mikavu na mvua yote hiyo, usiniulize vipi. Maji ya nyumbani tuliletewa na mwanamume mmoja kwa mkokoteni, mitungi ya plastiki ya manjano kumi na mbili, akisukuma tangu huko juu hadi kwetu. Tulimwita Maji. "Maji kaja!" tulipiga kelele, naye akacheka. Alikuwa mrefu, mpole, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimekatika. Mdogo wangu alimpenda kwa kuwa alimruhusu kukaa juu ya mitungi mitupu akirudi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba. Mwaka huo aliamua kufunga siku nzima, si ile nusu saumu ya watoto ya kula adhuhuri. Kwetu, mtoto akifunga siku yake ya kwanza huulizwa ataka kufuturu na nini, na hapewi jawabu la hapana. Nyanya akamuuliza. Nilidhani atataka kaimati, zile tonge za unga za kukaangwa na kutiwa sukari, maana alikuwa mlafi wa kaimati. Akasema ataka tikiti.

Nyanya siku hiyo miguu yake ilikuwa imevimba na Marikiti hapaendeki kwa maji. Akaniita. "Nenda kwa yule wa matunda pale kwenye kona. Lipige, lisikize, usiharakishe. Na jichunge, wasikuchomee dirisha."

Nilifika dukani baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, mbingu imeshuka chini, rangi ya risasi. Muuzaji alikuwa na matikiti sita tu, yamelowa, yamepangwa juu ya gunia. Nikapiga la kwanza. Sikusikia kitu, maji yakidondoka kutoka paa. Nikapiga la pili. Ti? Du? Nikapiga tena. Muuzaji akanitazama kwa huruma ile iudhiyo. "Wamchagulia nani?" Nikamwambia ni mdogo wangu, saumu yake ya kwanza. "Basi wataka uhakika. Mchagua nazi hupata koroma, binti. Hebu nikutobolee."

Moyoni nilimwona mdogo wangu akingoja tangu asubuhi, midomo imemkauka. Nikaliona tikiti jeupe kwenye sinia. Nikasikia Bi Mung'unye.

"Toboa," nikasema.

Akachukua kisu, akakichovya kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza. Niliyaona yale maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akatoboa, akachomoa kipande, na moyo wangu ukaruka kwa furaha: chekundu, kina sukari ya kuonekana. Akaninyooshea kwa ncha ya kisu, kisha akakumbuka. "Ah, umefunga. Tizama rangi basi." Akakirudisha mahali pake, akakibonyeza kwa kidole gumba.

Lau si Ramadhani, kipande kile ningekila mimi, pale pale.

Nililibeba tikiti na dirisha limegeukia kifuani kwangu. Nyumbani nyanya alikuwa jikoni, kaimati zachemka kwenye mafuta, harufu ya hiliki nyumba nzima. "Lete nilisikize." Nikalishika mimi mwenyewe, dirisha chini, kwenye kiganja. Akalipiga konzi, akainamisha sikio. Uso ukamkunjuka. "Du," akasema. "Huyu sasa ni mtu mzima. Mumeona?" Na hapakuwa na mtu wa kuona ila mdogo wangu, aliyeanza kucheza pale mlangoni kwa njaa na furaha. Nikamwambia nyanya asisimame na miguu ile, nitalikata mimi. Akaniombea dua.

Nikaingia nalo ukumbini bila nyanya, mdogo wangu nyuma. Nikapitisha kisu katikati ya dirisha ili lisionekane, likabaki alama nusu huku na nusu huku. Lakini kile kipande chenyewe kilianguka juu ya sinia, pembe tatu, ganda lake dogo la kijani, ushahidi mtupu. Adhana ikaanza. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Nikampa. "Kula upesi, hiki ndicho kitamu kuliko vyote. Usimwambie nyanya."

Akakila kabla hata ya tende. Akacheka, maji mekundu yamtiririka kidevuni. Ganda nikalirusha nje. Sote tulikula tikiti lile, baba alikula vipande vitano akanisifu, na hakuna aliyenipa jina lolote.

Kesho yake adhuhuri mdogo wangu alisema tumbo linamuuma. Kufika alasiri alikuwa hawezi kusimama. Sitakueleza yote, wanaokijua kipindupindu wanajua, na wasiokijua Mungu awaepushe. Macho yalimwingia ndani. Ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Baba alimbeba mgongoni hadi hospitali, mimi na nyanya nyuma, mvua imerudi.

Muuguzi aliuliza amekula nini, amekunywa nini. Nyanya akataja kila kitu, akataja tikiti pia, akanigeukia. "Lilikuwa zima?"

"Zima, nyanya."

Muuguzi akamwinamia mdogo wangu, akamuuliza taratibu. Mdogo wangu akanitazama mimi. Midomo ilikuwa imempasuka. "Tende," akasema. "Na kaimati." Basi. Miaka saba, mwenzangu, na alijua kuficha siri ya nduguye kuliko watu wazima. Alikufa siku ya pili yake, saa nne asubuhi, mkono mmoja mkononi mwa baba.

Huenda si kipande kile. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ugonjwa ulikuwa kila mahali, kwenye makaro, kwenye nzi, kwenye hewa. Lakini tikiti tulilila sote, na maji tuliyanywa sote, na kipande kile alikila yeye peke yake.

Watu waliporudi mazikoni walitaka mtu wa kulaumu, na siku hiyo hiyo Maji akaja na mkokoteni wake, hana habari. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyeanza. "Muuaji! Maji yako ya sumu!" Wanaume wakautia mkokoteni kichwa chini, mitungi ikabingirika hadi kwenye karo. Niliona yote kutoka dirisha la juu, nimekaa na nyanya kwenye godoro la matanga. Maji hakupigana. Yeye hakuwa mtu wa kufunga. Alichota maji yaliyobaki kwa kopo, akayanywa mbele yao. "Wanangu wanywa haya haya! Mimi mwenyewe nanywa haya haya!" Mmoja akampiga kofi kopo likaruka. "Kafa nani?" Maji akauliza. Walipomwambia, alikaa chini kwenye matope akashika kichwa.

Nikamtazama nyanya. Nilingoja aseme neno. Sauti yake ingewanyamazisha wote. Akainuka polepole, akafunga mbao za dirisha, akarudi kukaa. Maji hatukumwona tena.

Nilikuwa nimeshaolewa nyanya alipolala kitanda chake cha mwisho. Alasiri moja aliniambia nifunge mlango.

"Yale maganda ya tikiti," akasema, "niliyakusanya mimi, niwapelekee mbuzi wa jirani. Mawili yalikuwa na pengo. Nikayaunganisha, pakatokea pembe tatu."

"Ulijua, nyanya? Siku zote?"

"Nilijua kabla hatujatoka hospitali."

"Mbona hukusema? Walipompiga yule mtu, mbona hukusema?"

Akanitazama kwa macho yale makali, ya kweli, hayakuzeeka. "Ningesema nini? Kwamba ni wewe? Nilikuwa nimebakiwa na mmoja." Kisha akaanza kulia, yeye ambaye sikumwona akilia hata watu waliporudi makaburini. "Nitafutie yule mwanamume, mwanangu. Nimtake radhi. Siwezi kwenda mbele ya Mola na mtu yule shingoni."

Nilitafuta. Siku nne nilizunguka. Kichochoro chetu chenyewe kilikuwa kimeshabadilika, jirani amehamia Kisauni, duka la kona lauza simu, na mitungi ya manjano siku hizi yaletwa na pikipiki. Nikaenda hadi Mwembe Tayari, kwa wazee wenye mikokoteni, wale wachache waliobaki. Nikawaeleza: mrefu, mpole, kidole cha mkono wa kushoto kimekatika, alikuwa akileta maji Mji wa Kale mwaka wa mvua. Mzee mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Alikuwa na nia ya kunisaidia, Mungu amlipe.

"Jina lake nani?" akaniuliza.

Nikamwambia sisi tulimwita Maji tu. Miaka yote ile alipanda ngazi zetu na maji begani, alimbeba mdogo wangu juu ya mitungi, na hapana hata mmoja wetu aliyepata kumuuliza jina. Nyanya alifariki Ijumaa ya wiki hiyo, akiningoja nirudi na jawabu.