Fuko Arudi Shimoni

Walimwita Fuko tangu ujana wake, wala hakuchukia. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi kuliko juu yake, wangemwita tai? Alichimba visima mpaka kucha zikasahau rangi yake. Kisha siku moja ukuta wa mchanga ulimfukia shemeji yake, mdogo wa mkewe, waliyekuwa wakipokezana zamu. Mkewe hakumlaumu. Alimwambia tu, "Nimemzika ndugu yangu. Sitaki kukuzika na wewe."

Fuko akaacha visima, akaenda kupakia mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara ulikuwa wa kubabaisha na mgongo ulimuuma, lakini kila jioni alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo bintiye alivyokua na kusoma, mpaka chuo kikamkubali asomee kazi ya maabara. Mama mtu alicheka hadi machozi yakamtoka.

Majibu ya maombi ya msaada wa ada yalikuja kwenye simu. Binti aliyasoma akiwa amesimama mlangoni, haingii wala hatoki.

"Theluthi, baba."

"Theluthi ya nini?"

"Ya ada. Iliyobaki tujilipie."

Baba na binti wakafunga safari hadi ofisi inayotoa msaada huo. Karani, mama mmoja mpole mwenye miwani shingoni, aliangalia kompyuta yake kwa muda, akapumua.

"Mzee, huku inaonekana una mwajiri. Waliopewa yote ni watoto wa wasio na ajira."

"Na kama ningekuwa bado nachimba visima?"

"Una karatasi ya kazi hiyo?"

"Kisima hakitoi karatasi, mama."

"Basi ungehesabiwa huna ajira, na binti yako angepata yote," karani alisema, na ilionekana kweli anamwonea huruma. "Andikeni rufaa. Itasikilizwa mwakani."

Njiani binti alisema, "Baba, chuo kinaruhusu kuahirisha mwaka. Nitatafuta kibarua."

"Huahirishi kitu. Mwaka ukipotea huvuta mwenzake."

Alikuwa na jambo moyoni. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka, kulikuwa na mtu anajenga nyumba kwenye mteremko, na alikuwa anatafuta mchimba kisima. Wachimbaji wawili walikwisha kushuka, wakapanda, wakakusanya vifaa vyao bila kudai hata nauli. Tangu hapo mwenye kiwanja alikuwa akipandisha dau, na dau lilipofika pale lilipofika, Fuko alimwambia mwenye duka kwamba kifua kinambana, akaomba ruhusa. Nyumbani hakusema neno. Alitoka asubuhi kama kawaida, akaingia kiwanjani kwa njia ya nyuma.

Juu ulikuwa udongo wa mfinyanzi, mgumu, mwaminifu. Alipozidi kushuka rangi ikaanza kubadilika. Mchanga wa kijivu, wenye unyevu, ulijitokeza ukutani kama jasho.

"Tuweke pete za zege zishike ukuta kabla sijaendelea," alimwambia mwenye kiwanja.

"Ukifika maji tutaweka."

Hata mtoto anajua pete huanza, maji yakafuata. Fuko aliangalia kamba, akamfikiria karani na miwani yake, akashuka.

Jioni aliosha mikono kwenye bomba la mtaani kabla ya kuingia ndani. Mkewe alilipokea shati lake, akalisogeza puani, akaenda kulianika. Siku hiyo hakula.

Siku iliyofuata, Fuko alisikia mchanga ukisema nyuma yake. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili. Alisimamisha sururu, mlio ukanyamaza. Alipopiga tena, ukajibu. Aliijua sauti ile. Mara ya mwisho alikuwa juu ameshika kamba, na shemeji yake ndiye aliyekuwa chini.

"Baba! Panda!"

Aliinua uso. Kichwa cha bintiye kilikuwa kimekata duara la mwanga.

"Nani amekuleta huku?"

"Nimepeleka chakula chako dukani, wakaniambia unaumwa. Nikaona kisima huku ng'ambo, nikajua. Panda!"

"Rudi nyumbani. Kazi imebaki kidogo."

"Nimeshaahirisha, baba. Tangu asubuhi, na chuo kimekubali. Mwaka huu hakuna ada ya kulipa. Sasa unamchimbia nani?"

Fuko alikaa juu ya ndoo. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na yalipozibuka alisikia mchanga unatiririka peke yake, hakuna aliyeugusa. Akatikisa kamba. Wasaidizi waliokuwa juu wakamvuta.

Alipita mbele ya bintiye bila kumtazama.

"Kazi nusu haina malipo," mwenye kiwanja alisema.

"Weka pete, nitarudi."

"Wapo wengine, mzee."

Na kweli walikuwepo. Kesho yake alikuja kijana mmoja mwenye mabega mapana. Fuko alivuka barabara akamweleza habari za ule mchanga, akamweleza na habari za shemeji yake. Kijana alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini na mimi nina watoto."

Fuko akavuka tena barabara, akarudi kwenye mifuko yake ya saruji.

Binti alipata kibarua cha kuosha chupa katika zahanati, na rufaa wakaiandika. Baba na mwana walikaa siku kadhaa wakisemeshana kupitia mama. "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Mwambie mwanao nimeona." Ni mama aliyechoka kwanza. "Mimi si posta," alisema, na wote watatu wakacheka, ingawa Fuko alicheka kidogo.

Yuko dukani hadi leo. Kutoka pale anaisikia roda ya kisima, lile gurudumu la kamba, ikilia kila ndoo inapopanda, na wateja wanashangaa kumwona akisimama na mfuko begani, ameinamisha kichwa. Juzi roda ilinyamaza. Akangoja. Ilipozidi kunyamaza alitua mfuko, akavuka barabara mbio, gari likimpigia honi.

Kijana alikuwa amekaa ukingoni, anakunywa maji.

"Bado nipo, mzee!" alisema akicheka.

Fuko alijaribu kucheka naye, akashindwa. Aliuliza kama pete zimefika. Kijana alitikisa kichwa kwamba bado, akajifuta mdomo, akaishika kamba ashuke. Fuko hajafika hata barabarani, roda ikaanza kulia tena.