Karai Lisilopitwa

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo zilianikwa jikoni, kwa hiyo kila mtu wa nyumba ile alipata sababu ya kupita karibu na karai.

Mwenye karai ni mshonaji wa mapazia. Mumewe huendesha winchi boharini, na daktari wa kazini alishamwambia: Jumatatu presha ikiwa bado juu, anateremshwa kwenye mashine, atalinda geti. Ndipo mshonaji akaacha mapishi ya mafuta mengi. Mteja wake mmoja, aliyewahi kupika katika mkahawa wa Wachina, alimfundisha: kata kila kitu kabla ya kuwasha moto, karai liwe moto hasa, kijiko kimoja cha mafuta, tangawizi, kitunguu saumu, vipande vya kuku, karoti, kabichi. Geuza haraka, mboga zisilegee. Mwisho sosi ya soya kidogo. Chumvi usitie, sosi yenyewe inayo.

Wifi yake, aliyerudi kwa kaka yake baada ya kuachika, alikichukia chakula hicho tangu siku ya kwanza.

“Wifi, leo tena umepikia sungura?”

“Sungura hajawahi kupimwa presha. Kula au acha.”

“Kaka yangu kakua kwa chakula cha mama, kanenepa. Umekuja na majani yako, unamkausha.”

Siku hiyo mshonaji alionja kabla ya kupakua, akatema. Chumvi tupu! Wifi alikuwa anaanua shuka.

“Umetia chumvi!”

“Nimetia. Kwetu chungu hakipitwi. Anayepita anaonja, anaongeza. Ndivyo mama alivyotulea. Nimetia ya vidole viwili tu.”

“Vidole viwili haviharibu karai zima!”

“Basi muulize mwenzangu. Leo tumegongana.”

Mume alikuwa mlangoni, anatafuta soksi kavu. Akatazama dari.

“Mazoea tu, mama watoto. Hata sijui mkono umekwenda saa ngapi.”

“Tangu lini?”

Dada mtu akacheka. “Tangu siku ya kwanza ya majani! Mimi nimetia leo tu. Yeye kila siku, ukimpa mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi.”

“Mimi nakatakata mpaka vidole vinachubuka,” mshonaji alimwambia mumewe, “na wewe unaninyemelea kama mwizi wa kuku! Geti hilo unalitaka mwenyewe.”

Karai lote akalimwaga kwenye pipa. Wali mkavu ukaliwa. Wifi peke yake ndiye aliyefungua mdomo, akaomba chumvi. Hakupewa.

Kesho yake asubuhi mshonaji alikata kabichi, karoti na tangawizi, akaingia jikoni, akatia komeo kwa ndani. Mumewe aligonga, akaomba shati lake lililoanikwa humo. Hakufunguliwa. Mkono mmoja ulikuwa unageuza mboga, na kwapa la mkono wa pili limebana kopo la chumvi.