Zulia Nililolivuta Kama Kiti

Darasa la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia makosa ya kuandika. Kushona viti vya mabasi nilijifunza ukimbizini Tanzania, kwa kumwangalia fundi mmoja ambaye hakupenda kuangaliwa. Amani ilipokuja nikarudi kwetu Gitega na cherehani moja. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna aliyenipa hata tofali moja.

Basi siku moja dereva mmoja, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, akaingiza kwangu minibasi kuukuu. Viti vyote vya abiria alikuwa ameving'oa. Alitaka nibandike zulia ndani yote: chini, ubavuni, mpaka juu.

"Unabeba mawaziri?" nikamuuliza.

"Nabeba mama yangu. Atalala humu."

Akanieleza. Shamba lao liko Muyinga. Walipokimbia, familia nyingine iliingia, ikalima, ikazaa, ikazika hapo. Wazee wa mlima, ndivyo tunavyoita kijiji huku, walisema watu wangoje, pande zote zitasikilizwa. Dereva alikuwa amempangia mama yake chumba Gitega, mama akakataa. Alisema asiyeonekana husahauliwa; kama ni kungoja, atangojea palepale. Lakini ukisimamisha hata kibanda kwenye shamba lenye kesi, umeanza vita. Gari lililosimama kando ya njia si nyumba, hakuna wa kulishtaki. Ndiyo maana akataka gari la kulala.

"Umeshawahi kubandika dari, mzee?"

"Mengi tu."

Sikuwahi hata moja. Milango ya gari nilifanya, dari sijawahi. Lakini mtu wa umri wangu, mwenye nyumba ya matofali, amwambie dereva hajui?

Nikaanza kazi. Nilisugua kutu, nikafuta mafuta kwa petroli, nikapaka gundi, wanayoiita hapa kole, kwenye bati na mgongoni mwa zulia. Nikangoja ikauke hadi isishike kidole. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kuvuta. Mshona viti anavuta; kiti kisipovutwa kinakunja uso kama mzee aliyenyimwa pombe. Dari la gari lina mbavu, na katikati ya mbavu kuna mabonde. Zulia linatakiwa lisukumwe kwa ngumi polepole liingie kila bonde, likiwa limelegea. Mimi nikalivuta toka ubavu hadi ubavu likakaza kama ngoma. Lilipendeza kweli. Nyuma yake ilikuwa hewa tupu.

Mama alikuja kulikagua. Alivua viatu nje kabla ya kupanda, nami nikafurahi. Akapapasa ukuta kwa kiganja.

"We fundi, hii ni manyoya ya kondoo?"

"Ni ya kiwandani, mama."

"Basi ni kondoo wa kiwandani." Akatazama juu. "Magari mangapi umefanya hivi?"

"Hesabu imenipotea, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa pili hutoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mwezi wa pili tangu waondoke, dereva akanipigia simu kutoka Muyinga. Hakupandisha sauti. Alisema dari limeanguka. Ilikuwa mchana, jua limechoma bati, gundi ikalainika. Mama alikuwa amejilaza baada ya kula, na zulia likashuka lote kwa mara moja likamfunika toka miguuni hadi usoni.

"Njoo ubandue lililobaki, uchukue," akasema. "Tunarudi Gitega. Mama mwenyewe amekubali."

Nikapanda gari la kupitia Karuzi, nikabeba gundi na kisu hata hivyo. Nilimkuta mama ameketi kwenye jiwe, ameelekea maharage. Mwenye kulima lile shamba, au mwenye kulishikilia, sijui niseme vipi, mimi si hakimu, alikuwa anapalilia. Akanisalimia vizuri tu.

"Umeona, fundi?" mama akasema. "Nimefunikwa uso. Anayefunikwa uso ni maiti. Mume wangu amelala kwenye mlima huu, na hanitaki. Nimesikia. Naondoka."

Dereva akanivuta nyuma ya gari.

"Mzee, nakuomba neno moja. Usimwambie kitu. Mimi nimekaa na magari, nimeona mabonde yale, najua ulivyofanya. Lakini mwezi mzima namwomba atoke hapa. Anakohoa. Usiku bati linatoa jasho, linapenya zulia, linamdondokea. Mimi hakunisikia, zulia amelisikia. Liache liseme." Akaniangalia. "Na jina lako litabaki safi."

Alikuwa ananijua. Kunyamaza kulikuwa kwema kwangu na kwema kwa kifua cha mama. Kwa upande mwingine kulikuwa na jambo moja tu: anaacha shamba lake kwa kudhani marehemu amemfukuza, na aliyemfukuza ni mimi.

Nilizunguka gari mara mbili. Nisijisifu hapa, sikuwa namuwaza Mungu. Nilikuwa nawaza watu wa Gitega watasema nini. Kisha nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, mumeo hayumo katika hili. Ni mimi. Nililivuta kama kiti, na zulia la juu halivutwi. Sijawahi kubandika dari maishani mwangu."

Akayaacha maharage, akanigeukia. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Na ile hesabu iliyokupotea?"

"Ilikuwa sifuri, mama."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Alipopata pumzi akasema, "Marehemu naye alikuwa mwongo, lakini yeye alidanganya kidogo kidogo." Akajifuta mdomo. "Bandika tena. Mi siendi popote."

Siku mbili nilifanya kazi ile. Nilisukuma kila bonde kwa ngumi, nikachana kwa kisu palipojikunja, mpaka vidole vikachubuka. Dereva alikaa kwenye kiti chake cha mbele, amenipa mgongo. Hakunishikia kitu, hakunipa maji. Nilipofunga mzigo wangu ndipo akasema:

"Akifia humu, mzee, utakuja kuchimba."

"Nitakuja," nikamjibu.

Dari halijaanguka tena. Wazee wa mlima wamekaa mara mbili na mara zote mbili wameahirisha. Mama bado yuko kando ya njia, na kila anayepita anamwona, kama alivyotaka. Watu husema ukisema kweli unalala vizuri. Mimi sijalala vizuri.

Juzi dereva akapiga simu. Hakunisalimia. Nikasema alo, alo, kimya. Kumbe alikuwa ameiweka simu karibu na mama yake nisikie. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kama mtu anayechana kitambaa cha zamani, kinakoma, kinaanza. Sikukata simu.